Kabla Hujaingia Pangoni, Jua Mwenyewe ni Nani

Wageni wakija Malindi huuliza Gede, mnara wa Vasco da Gama na Marafa, kisha hurudi hotelini. Mapango madogo hawayaulizi. Mimi nimeyazunguka tangu ujana, na ushauri wangu wa kwanza hauhusu tochi wala viatu. Kila pango la huku lina mwenyewe, na usipomjua mapema utamjua ukiwa ndani.

La ufukweni, kama yale ya upande wa Watamu, mwenyewe ni maji. Mwamba wake ni matumbawe yaliyoota takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu na mawimbi yakaanza kuyala kutoka chini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kufikia jioni yamejaa tena. Kati ya kupwa na kujaa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Ingia yangali yakipwa. Yakishageuka, hata kama pango linaonekana kavu, toka. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, mapango mengine hayafikiki kwa miguu, basi usijisumbue. Muulize mvuvi, maana anajua pia upepo wa siku hiyo. Na vaa viatu vigumu, jiwe hilo lina meno.

Ya bara ni habari nyingine. Yamo katika mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, yaliyoyeyushwa polepole na maji ya mvua. Maarufu ni Panga ya Saidi, kaunti hii hii ya Kilifi, takriban kilomita 15 kutoka baharini. Watu wameingia na kutoka humo kwa miaka ipatayo 78,000. Mwaka 2021 wanasayansi, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa ubavu wa kulia na magoti yamekunjwa. Wakampa jina Mtoto. Ndilo kaburi la kale zaidi linalojulikana la binadamu kama sisi barani Afrika. Mifupa ilikuwa imelainika mno, hata ikabidi udongo wote wa pale ufungwe plasta na kubebwa kama ulivyo.

Ndiyo sababu nakasirika nikiona mtu anafukua kwa kijiti "kuangalia tu". Kipande kikiondoka mahali pake, habari yake nyingi imepotea, na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kuchimba bila kibali.

Mengi ya mapango hayo Wamijikenda huyatumia kwa ibada hadi leo. Ukikuta kitambaa, chupa ya marashi au chetezo, usiguse, na picha usipige bila ruhusa. Nenda kwanza kwa wazee wa kijiji, salimu, eleza nia yako, umchukue kijana wa pale akuongoze, umlipe. Wakikwambia leo haiwezekani, usibishane nao.

Wenyewe wa mwisho ni popo. Wale wala matunda huchavusha maua ya mibuyu, na wale wala wadudu nadhani wanatufaa kuliko dawa ya mbu. Ila mavi yao yana kuvu inayoweza kushambulia mapafu, na popo wa mapangoni wamehusishwa na virusi vya Marburg. Kule Mlima Elgon, wageni wawili waliozuru pango la Kitum waliugua Marburg na kufariki, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Vaa barakoa, usimshike popo, usile chochote humo, nawa kwa sabuni ukitoka. Ukiwakuta na vichanga, geuka bila kuwamulika. Na tochi chukua mbili. Ya simu usiihesabu.