Saguaro iko uani kwako, sheria ni ya Arizona

*Nimenunua nyumba Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, robo ekari. Saguaro (kaktasi kubwa ya jangwani) imeegemea upande wa paa. Nikiikata nitafungwa? (Baba wa watatu)*

Hufungwi. Nyumba ikishajengwa, kiwanja cha makazi cha mtu binafsi kisichozidi ekari 10 hakidaiwi na jimbo notisi ya kuharibu mmea. Ila soma kwanza masharti ya chama cha wenye nyumba mtaani kwenu. Na usiikate mwenyewe. Saguaro kubwa iliyojaa maji ni tani kadhaa. Mwaka 1982, karibu na Phoenix, mtu aliipiga risasi kwa kujifurahisha, ikamwangukia, akafa.

*Je, naweza kumpelekea shemeji aliyeko mji wa Mesa? (Huyo huyo)*

Bila kibali na lebo ya Idara ya Kilimo ya Arizona, hapana.

*Nina ekari 5 tupu, greda linakuja Jumatatu. Shamba langu, notisi ya nini?*

Swali hili haliishi, na wanaouliza huwa wameshalipia greda. Msamaha wa hapo juu haukuhusu, kwa sababu hujajenga. Chini ya ekari moja, unaiarifu Idara siku 20 kabla. Kuanzia ekari moja hadi chini ya 40, siku 30. Kuanzia 40, siku 60. Hesabu mwenyewe hiyo Jumatatu.

Wala hakuna anayekunyima shamba. Sheria ya jimbo inakuruhusu kuharibu mimea yako. Notisi inawapa tu wenye vibali vya kuhamisha mimea muda wa kukuomba waihamishe. Kwa maoni yangu ni sheria laini kupita kiasi, kwa mmea unaoweza kumaliza miaka 50 hadi 75 kabla ya kutoa mkono (tawi) wa kwanza. Mtu akishindwa hata kujaza fomu, sina huruma naye. Miji ya Tucson na Scottsdale ina kanuni zake kali zaidi, kwa hiyo ukimaliza jimbo, nenda na mjini.

*Jamaa anauza saguaro kwenye pikapu, nusu bei, haina lebo.*

Ya wizi. Achana naye. Hifadhi ya Taifa ya Saguaro imefikia kupachika chipu ya kielektroniki ya utambulisho ndani ya baadhi ya saguaro zake kwa ajili ya watu kama huyo.

Nunua yenye lebo, ndogo, isiyo na mikono; kubwa iliyohamishwa huweza kusimama miaka kadhaa huku inakufa. Uliza ubavu upi ulikuwa unatazama kusini, uweke alama, uipande vivyo hivyo. Ukiigeuza, ngozi iliyozoea kivuli itaungua.