Muungano wetu wa mrengo wa kushoto ulivunjikia wapi

Ndugu, umeuliza kwa nini vikundi vya wanaharakati wa kushoto vinashindwa kusimamisha mgombea mmoja ilhali madai yao yanafanana. Nilikuwa katibu wa kamati ya uratibu ya muungano wa namna hiyo kwa miezi 14, tukiwa vikundi vitano. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Wengi watakuambia tatizo ni itikadi. Sisi ilani tuliimaliza kwa vikao viwili: mishahara, kodi za nyumba, huduma za umma, hakuna aliyebisha. Tulikwama kwenye suala la nani ana sauti ndani ya muungano. Tulikubaliana kila kikundi kiwe na kura moja, tena ya turufu, yaani kikundi kimoja kikikataa, jambo linakufa. Kikundi cha watu wanane kikalingana na chenye watu 120. Wadogo waliogopa kumezwa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Wakubwa nao walichoka kulipia kila kitu huku wakipingwa kila kikao. Na asiye na kikundi hakuwa na lolote.

Kuna kikao sitakisahau. Rasimu ya kipeperushi ilisema maji yarudi mikononi mwa umma. Kikundi kimoja kikataka paongezwe "chini ya usimamizi wa wafanyakazi", kingine kikakataa katakata. Tulianza saa kumi jioni, na hadi saa nne usiku tulikuwa bado kwenye sentensi ileile. Nyuma alikaa mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja na daftari lenye majina ya majirani 31 walio tayari kugawa vipeperushi. Aliponyoosha mkono, mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba wenye nafasi ya kuzungumza ni wajumbe wa vikundi. Akafunga daftari, akalitia mkobani. Hakurudi tena. Muhtasari wa kikao kile niliuandika mimi, na jina lake halimo.

Ndiyo maana navutiwa sana na Frente Amplio, muungano wa kushoto wa Uruguay. Ilipoundwa mwaka 1971 ilikusanya wasoshalisti, wakomunisti, Wakristo wa kidemokrasia na wengine, lakini pia ilikuwa na kamati za mitaani ambamo mtu asiye na chama aliingia kwa jina lake mwenyewe. Udikteta ulioanza 1973 uliwafunga na kuwatawanya, ila haukuwamaliza. Mwaka 2004 walishinda urais. Ureno nako, mwaka 1999, makundi matatu yaliyokuwa na historia ndefu ya kubishana yalianzisha chama cha kushoto, Bloco de Esquerda. Wanachama walijiunga mmoja mmoja, na makundi yale yakabaki kama mikondo ndani yake. Mwaka huohuo walipata wabunge wawili.

Sheria ya uchaguzi nayo ina nguvu yake. Penye uwiano, yaani viti hugawanywa kwa kadiri ya kura, na penye kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura za kuingia bungeni, kama asilimia 5 ya Ujerumani, watu husukumwa kukaa pamoja, kwa sababu wote wanaweza kupata nafasi kwenye orodha. Penye jimbo la mbunge mmoja, kiti ni kimoja, na hapo ndipo urafiki hupimwa. Hata hivyo kizingiti peke yake hakitoshi. Ujerumani, vyama viwili vya kushoto, WASG na PDS, vilishirikiana katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2005 vikapata asilimia 8.7 ya kura, na Juni 2007 vikaungana kuwa chama kimoja, Die Linke. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2006, tawi la WASG la Berlin lilisimama peke yake dhidi ya PDS katika uchaguzi wa jiji, kwa kuwa PDS ilikuwa ndani ya serikali ya jiji iliyobana matumizi. Swali la mtaingia serikali ya nani mkishinda liulizeni mapema, hata kama linauma.

Sisi hatukufika huko. Wiki ya kuteua mgombea, majina mawili yalipigwa turufu, la tatu likajitoa lenyewe. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, vikundi viwili vilipeleka kila kimoja mtu wake katika jimbo lilelile.

Kama mnaanza, wekeni kura ya mwanachama mmoja mmoja tangu kikao cha kwanza, kabla ya ilani, na mviachie vikundi haki ya kuwa na magazeti na mikutano yao. Mgombea achaguliwe na mkutano wa wanachama wote. Rasimu ya katiba tuliyoiandika tukiwa tumeshachelewa ninayo bado, ukiihitaji nitakutumia.