Usimfungie mwanao begi

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: "Kaka, mwanangu ana miaka 12, kundi lao la skauti linakwenda kambi ya West Point. Nimfungie nini kwenye begi?" Nilichelewa kumjibu kwa sababu swali lake lilinitonesha kidonda.

Mimi nilifunga mabegi. Si moja, manane.

Kwa wasioijua kambi yenyewe: kila mwaka, baridi ikianza kupungua, chuo cha kijeshi cha West Point, jimboni New York, hukaribisha maelfu ya skauti kupiga kambi wikiendi nzima kando ya Ziwa Frederick. Hapo ndipo kwa miaka mingi kadeti wapya, yaani wanafunzi wa chuo hicho wanaosomea uofisa wa jeshi, walikuwa wakimalizia mafunzo yao ya kiangazi, kisha wanarudi chuoni kwa miguu, maili 12 na mizigo mgongoni. Wanaoiandaa kambi ya skauti ni kadeti wenyewe, na wengi wao walikulia kwenye uskauti. Kijana anayeota kuvaa sare, na najua wapo wa namna hiyo, hatapata mahali pazuri zaidi pa kuwaona kwa karibu.

Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa kiongozi mgeni wa kundi la skauti, mwenye kiu ya sifa. Nilipanga chakula peke yangu, nikagawa mahema, nikaandika jina kwenye kila jozi ya soksi. Wazazi walinishukuru sana. Safari naiacha. Tulifika Ijumaa giza linaingia, na katika eneo tulilopewa nikachagua kona iliyo karibu na njia ili tusibebe vitu mbali. Kona hiyo ilikuwa bondeni. Usiku wa manane mvua ikashuka, na maji yote ya mlimani yakapitia kwetu.

Nilipotoka na tochi nilimkuta kijana mdogo kuliko wote ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, miguu mitupu imekuwa myeupe kwa baridi, anakamua soksi. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Anko, soksi zangu kavu uliziweka wapi?" Sikukumbuka. Naye hakujua, maana hakuwahi kuligusa begi lake mwenyewe.

Asubuhi tukaenda kwenye kituo cha kamba. Kadeti akawasalimu vijana, akauliza, "Nani anaongoza hapa?" Vichwa vinane vikageuka kunitazama mimi. Kadeti naye akanitazama, akasubiri. Sitasahau kimya kile. Na kama haitoshi, tukiwa tunaanika mifuko ya kulalia, kiongozi wa kundi jirani alisema mbele ya watoto wangu: "Hawa hawakuja kupiga kambi, wamekuja kupiga picha." Angeweza kuniita pembeni. Hadi leo sijui kwa nini hakufanya hivyo.

Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, huyu tuliyemzika Nyeri mwaka 1941, alikuwa jenerali. Lakini kambi yake ya kwanza, kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vinne, na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mwenzao. Mtu aliyeamuru majeshi aliweza kumwachia mtoto madaraka, sisi wazazi tunashindwa kumwachia begi! Tunaita upendo, kumbe ni hofu yetu. Ndugu zangu, mtoto akifanyiwa kila kitu hujifunza kitu kimoja tu: kugeuza kichwa.

Kwa hiyo, dada yangu, usimfungie. Mpe orodha, mwache afunge mwenyewe, kisha akutajie kila kitu kilipo bila kufungua zipu. Soksi ziingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nguo za pamba zikilowa hazipashi joto, apeleke za sufu au za nailoni. Ajikague kupe kila jioni, misitu ile inao. Lakini afunge mwenyewe. Narudia, mwenyewe.

Mwaka mzima tulifanya mazoezi hivyo, nami nikikaa kwenye kiti nimeuma ulimi. Wakaunguza wali mara mbili, wakaula. Tuliporudi Ziwa Frederick walizunguka eneo letu robo saa nzima wakibishana, nusu wanataka chini ya miti, nusu wanataka mwinukoni. Yule wa soksi, ambaye sasa anaongoza kikosi, alimwaga maji ya chupa yake ardhini akatazama yanakoelekea. Wakaenda mwinukoni. Mvua ilinyesha usiku ule pia, na mimi nililala.

Yule kiongozi jirani nilimwona tena mwaka huu kwenye foleni ya maji. Hakunikumbuka. Nilitamani kumwita aje aone turubai letu lilivyowambwa, kamba zote zimekaza. Nikajaza dumu langu, nikaondoka.