Ukuta wa vigae shuleni: sisi tulianzia kwenye mashimo ya mabakuli

Mwalimu, umeuliza pa kuanzia ili shule yenu ya pwani iwe na ukuta wa vigae vya udongo wenye mambo ya hapo kwenu, si simba na twiga wa kila ukuta. Niliifanya kazi hiyo na watoto wa shule moja ya msingi upande wa Bagamoyo.

Kabla ya kugusa udongo, wapelekeni watoto wakaone. Sisi tulikwenda Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Wazee wa zamani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye makaburi yale. Leo yamebaki mashimo ya duara. Mtoto wa darasa la tano aliingiza ngumi kwenye shimo, akaizungusha, akauliza, "Sasa bakuli lake liko wapi?" Mchoro wetu ukapatikana palepale: nguzo ya vigae, na kila mtoto afinyange kibakuli cha kuziba shimo lake. Ndani wakachora majahazi, ukili wa mkeka, mmoja akachora pweza.

Wataona vipande vya vyungu vya kale. Waviache vilipo, wavichore daftarini. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavilinda, na kipande kikishahamishwa hakiwezi tena kusema kilitoka wapi.

Kwenye udongo ndipo tulipoumia. Tulichimba karibu na mikoko, kumbe udongo una chembe za makombe ya baharini. Vigae vilitoka tanurini vyekundu, vizuri, watoto wakashangilia. Wiki mbili baadaye vikaanza kubanduka, na kila palipobanduka pana kidoa cheupe. Anayejua tanuu la chokaa ameshaelewa: kombe likiungua hugeuka chokaa, chokaa hunywa unyevu, huvimba, kigae kinapasuka. Zaidi ya nusu tulivirudia. Chimbeni mbali na ufuo, loweka udongo uwe uji, uuchuje, kisha chomeni vigae vichache na kuviacha wiki tatu kabla ya kuchoma vingine.

Mtafuteni mama mfinyanzi wa jirani, na mlipeni kama fundi. Wetu alitufundisha kuponda vyungu vilivyovunjika na kuchanganya unga wake kwenye udongo ili usipasuke. Vigae viwe na unene wa sentimita 2, vikauke kivulini taratibu huku mkivigeuza. Nyuma chora mistari ya kina ili saruji ishike, na nambari kabla havijakauka. Vibakuli vitoke kwenye udongo uleule wa vigae. Udongo hupungua ukikauka na kuchomwa, na ukiwa tofauti havitaingia mashimoni.

Ukuta mpachike kimo ambacho mtoto wa darasa la kwanza anafikia. Wetu uko kando ya mlango wa darasa lao, na vibakuli vya chini vimeshakuwa laini na vyeusi kwa kupapaswa.