Mwandishi Hajifichi kwenye Maneno Madogo

Msomaji mmoja ananiuliza aanzie wapi. Anataka tasnifu yake ya uzamili ihusu tamthilia za Kiingereza za zama za Shakespeare zinazogombaniwa mwandishi, na msimamizi wake kamwambia hayo yalishamalizwa. Ujumbe ule umenitonesha kidonda. Mimi niliambiwa, mbele ya wenzangu, kwamba nimeleta hesabu za dukani kwenye fasihi. Mwezi uliopita jarida limekubali makala yangu, yenye hesabu zilezile. Nasikia aliyenicheka ameisoma.

Mdogo wangu, anza na maneno madogo madogo. Mistari mizuri huigwa, lakini nani anaiga vifupisho? John Fletcher, mtunzi wa zama hizohizo, alipenda 'em pale ambapo Shakespeare huandika them, na ye (badala ya you) kaimwaga kila mahali. Kwa hiyo tamthilia ya Henry VIII, iliyochapwa 1623 kwa jina la Shakespeare pekee, wataalamu wengi huwagawia wote wawili. James Spedding alishaigawa mwaka 1850, akitazama mistari inayoishia na silabi ya ziada isiyo na mkazo. Mimi nilihesabu kwa penseli na daftari. Miaka ile siisimulii, inachosha.

Utamu wenyewe uko kwa Thomas Middleton, mtunzi mwingine wa zama hizo. The Revenger's Tragedy ilichapwa bila jina la mwandishi. Mwaka 1656 muuza vitabu Edward Archer akamwandikia mtunzi mwingine, Cyril Tourneur, kwenye orodha yake, na kwa zaidi ya karne mbili orodha ya duka ikawa ndiyo ushahidi (halafu mimi ndiye wa hesabu za dukani!). Miaka ya 1970 David Lake na MacDonald Jackson wakahesabu vifupisho kama I'm na 'em, na tamthilia ikaangukia kwa Middleton.

Jina la jalada nalo usiliamini. A Yorkshire Tragedy ya 1608 ina jina la Shakespeare, ila leo wengi humpa Middleton. Tena usimlinganishe mtu mmoja tu. Weka wa zama zake wote unaowapata, na ukumbuke wachapaji nao walibadili tahajia. Lakini kwanza maneno madogo. Vijana mnapenda programu ya kompyuta iwasomee. Soma mwenyewe, hesabu mwenyewe, acheni uvivu.

Chukua hiyo A Yorkshire Tragedy, ni fupi. Mpelekee msimamizi jedwali. Akirudia kwamba yalishamalizwa, muulize tamthilia ya Arden of Faversham ya 1592 kaiandika nani.