Fedha za matangazo ya Google zinapokwisha bila mteja

Ndugu, umeuliza kwa nini bajeti yako ya matangazo ya Google inakwisha kabla ya adhuhuri ilhali hakuna aliyeulizia safari ya Kilimanjaro kupitia tovuti yako. Kabla ya kuongeza hata shilingi, fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, kwa kuwa nadhani utakuta waliobofya walikuwa wakitafuta urefu wa mlima, picha za theluji au kazi ya upagazi, na kila mbofyo wa namna hiyo umeulipia. Maneno hayo yaingize kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, ili tangazo lisiwatokee wanaoyatafuta, kisha yale unayoyataka hasa yafunge kwa mabano ya mraba ili tangazo litokee kwa utafutaji wenye maana ileile tu.

Usidhani pia kwamba anayetaja dau kubwa, yaani kiasi anachokubali kulipa kwa mbofyo, ndiye anayekaa juu daima, maana Google hupima vilevile ubora wa tangazo na wa ukurasa linakompeleka msomaji. Anayetafuta njia ya Machame, mojawapo ya njia za kupanda Kilimanjaro, mpeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa Machame wenye bei na idadi ya siku, wala si kwenye ukurasa wa mwanzo (kosa hili nimelifanya mwenyewe miezi mingi).