Maswali ya Wasomaji: Nyuzi zenye shanga

SWALI: Tunasokota nyuzi nyembamba za PVA (polyvinyl alcohol, plastiki inayoyeyuka katika maji) kwa umeme wa volti kubwa. Mmumunyo wetu ni asilimia 6 katika maji, umeme kilovolti 15, pampu inatoa mililita 1 kwa saa, na kutoka sindano hadi karatasi ya alumini inayopokea nyuzi ni sentimita 10. Kwenye hadubini nyuzi zina vinundu kama shanga, na tangu masika yaanze utando wa nyuzi hizo unatoka umelowa. Tulipopandisha umeme, shanga zikazidi. – Msomaji, Ubungo, Dar es Salaam

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Shanga zinatokana na mmumunyo mwepesi: minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za PVA, haijasongamana kiasi cha kushikana, hivyo mvutano wa uso wa maji unaukusanya mchirizi unaotoka sindanoni kuwa matone kabla haujakauka. Jaribuni asilimia 10, yaani gramu 10 za PVA kwa gramu 90 za maji. Nyunyizeni unga kwenye maji baridi huku mkikoroga, ndipo mpashe hadi nyuzijoto 85 au 90, chombo kikiwa kimefunikwa, kwa saa moja au mbili. Mkianza na maji ya moto mtapata madonge kama ya uji uliomshinda mpishi. Mwishoni pimeni uzito, mrudishe maji yaliyopotea kwa mvuke. Uacheni upoe hadi mapovu yaishe; kiputo kimoja hukata mchirizi. Nyuzi zitanenepa kidogo, hilo halikwepeki.

Umeme msiukimbilie. Mulikeni ncha ya sindano kwa taa ya pembeni: tone linatakiwa lichongoke na kutulia. Likirudi ndani ya sindano, umeme unavuta kuliko pampu inavyoleta, mchirizi unayumba na shanga zinaongezeka. Likidondoka, pampu imezidi.

Kulowa kunatokana na hewa ya masika: imejaa mvuke, maji ya mchirizi yanakauka polepole. Punguzeni pampu hadi mililita 0.4, sogezeni karatasi hadi sentimita 15, na hapo umeme unaweza kufika kilovolti 18 hadi 20. Funikeni mtambo kwa sanduku la plastiki lenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, unyevu ushuke chini ya asilimia 50. Kiyoyozi kinasaidia, ila upepo wake usiupige mchirizi. Badilisheni kitu kimoja kila mara.

Utando ukitoka, uwekeni kwenye kopo lisilopitisha hewa. PVA hunyonya unyevu hata baada ya kukauka. Na kabla ya kushika sindano, zimeni umeme kisha iguseni kwa waya wa ardhi wenye mpini wa plastiki.